Tizi kali, joging au vyuma: pima kwanza sufuria na kitanda chako

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, Daraja la Tanzanite, Dar es Salaam, huwa limejaa watu wa joging. Fulana za rangi moja, wimbo mmoja, mwendo ambao hata mtu wa miaka sitini anaumudu. Saa hiyo hiyo kule uswahilini kuna jimu ya mtaani chini ya mwembe: ekseli ya gari imegeuzwa chuma cha kunyanyua, makopo ya rangi yamejazwa saruji, vijana wako vifua wazi. Na ndani ya chumba cha kupanga yuko mtu wa tatu. Ameegemeza simu ukutani, anaruka na kuchuchumaa akifuata mlio wa sekunde ishirini. Wakutanishe hawa watatu kwenye supu, kila mmoja atakwambia wenzake wanapoteza muda.

Mimi nimepita kote kuwili na hata huko chumbani, na makosa yangu makubwa yalitokea mezani na kitandani, mbali kabisa na vyuma. Ndiyo maana hapa chini nikilinganisha tizi na tizi, nitakuwa nachungulia sufuria na saa za kulala. Mazoezi yanakopa mwilini. Ukali wa zoezi ni ukubwa wa mkopo, na kabla ya kukopa mtu mwenye akili huangalia atalipa na nini.

Dakika nne za Tabata au saa nzima ya joging

Wengi wanadhani Tabata ni neno la mazoezi. Ni jina la mtu, Izumi Tabata, mtafiti wa Japani. Mwaka 1996 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya vijana waliowekwa kwenye baiskeli za ndani kwa wiki sita. Kundi la kwanza lilikanyaga saa nzima, siku tano kwa wiki, kwa asilimia 70 ya uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni. Kundi la pili lilikanyaga sekunde 20 na kupumzika 10, raundi saba hadi nane, kwa asilimia 170. Makundi yote mawili yalipandisha uwezo wa kutumia oksijeni, na la pili lilipandisha zaidi kidogo. Juu ya hapo, kundi la pili liliongeza asilimia 28 kwenye uwezo wa kufanya kazi ya nguvu pale oksijeni inapokuwa haitoshi. Kundi la saa nzima halikuongeza kitu upande huo.

Rudia kusoma ile asilimia 170. Huo ni mwendo ambao ukifika raundi ya nane miguu inagoma, hata ukitishiwa. Kurukaruka sebuleni huku unaangalia simu kunachosha, sikatai, lakini mara nyingi hakukaribii hapo, na kwa hiyo usitegemee dakika zako nne zikuletee walichokipata wale vijana. Jambo jingine linalosahaulika: hata wao walifanya raundi kamili siku nne tu. Siku ya tano walikanyaga nusu saa kwa mwendo wa kawaida, kisha raundi nne.

Ipo njia ya kati ambayo binafsi naiona inamfaa mtu mzima kuliko Tabata, nayo imetoka Norwe: dakika nne za kukimbia kwa nguvu, mapigo ya moyo yakiwa asilimia 90 hadi 95 ya kiwango chako cha juu, kisha dakika tatu za mwendo mwepesi, rudia mara nne. Jan Helgerud na wenzake waliipima mwaka 2007 kwa wiki nane, siku tatu kwa wiki. Uwezo wa kutumia oksijeni ulipanda kwa takriban asilimia 7, wakati waliokimbia taratibu kwa dakika 45 hawakupanda kwa kiasi cha kuhesabika, ingawa jumla ya kazi ilifanywa iwe sawa. Ukikosa mashine ya kupima mapigo, tumia mlima au ngazi, na kipimo chako kiwe mdomo: kwenye dakika ya tatu uweze kutoa neno moja moja, sentensi isikamilike.

Basi joging imeshindwa? Nenda Kaptagat, Kenya, kiasi cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, mahali alipojinoa Eliud Kipchoge chini ya kocha wake Patrick Sang. Ratiba yao inajulikana: Jumanne uwanjani, Alhamisi mbio ndefu ya kilomita 30 au 40, Jumamosi mbio za kubadilisha kasi. Siku na jioni zinazobaki ni mbio za taratibu, nyingine za taratibu sana. Stephen Seiler, Mmarekani aliyefanya kazi miaka mingi Norwe, alipochunguza wanamichezo wa juu wa mbio, makasia, baiskeli na kuteleza kwenye theluji aliona mpangilio ule ule ukijirudia: takriban mazoezi manane kati ya kumi ni mepesi, mawili ndiyo makali. Watu wenye pumzi kuliko wote duniani hutumia muda wao mwingi kwa mwendo wa kupiga soga.

Hapa ndipo wengi hunakili vibaya. Nane kwa mbili ni hesabu ya mtu anayefanya mazoezi saa nyingi kwa wiki. Ukiwa na dakika tisini tu kwa wiki nzima, ukazifanya zote kuwa soga, mwili utakuwa umeshapoa kabla haujashtuka. Mwenye muda mchache anahitaji sehemu kubwa zaidi ya ukali, na mwenye muda mwingi analazimika kuupunguza kwa sababu hawezi kuulipia. Shirika la Afya Duniani nalo, kwenye mwongozo wake wa 2020, linaacha mlango wazi pande zote mbili: dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, au mchanganyiko wake, na mazoezi ya nguvu siku mbili.

Mwaka mmoja niliamua kufanya raundi za sekunde ishirini kila siku. Nilikuwa nalala kwa saa tano tu, chakula cha maana nikikipata usiku tu, wali na maharage. Wiki ya kwanza nilijiona simba. Wiki ya pili raundi ya tatu ikanishinda, mapigo ya moyo ya asubuhi yakapanda, hasira zikawa karibu. Jumamosi nikajiburuza kwenye joging, mzee mmoja tunayekimbia naye akanitazama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema kama umetoka kuiba?"

"Nafanya tizi kali siku hizi, kila siku."

"Unakula saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Akacheka, akaongeza mwendo, akaniacha.

Kuhusu ile hesabu ya 220 kutoa umri: ni ya kukadiria tu. Mtu wa miaka 40 anaambiwa kilele chake ni mapigo 180, kumbe chake halisi kinaweza kuwa 168 au 193. Saa ya mkononi iliyopangwa kwa hesabu hiyo inaweza kukutangazia hatari ukiwa unatembea kwa raha. Mimi naamini zaidi kipimo cha mdomo. Ukiweza kuimba, ni chepesi mno. Ukiweza kuongea bila kuimba, hiyo ndiyo joging. Ukiweza neno moja tu, umefika kwenye ukali.

Chuma kizito au chepesi

Jimu ya chini ya mwembe huwa na aibu moja: vyuma havitoshi. Kijana akishazoea kopo la saruji anaanza kuamini kwamba bila jimu ya kulipia hataongezeka. Si kweli kwa upande wa ukubwa wa misuli. Mwaka 2017 Brad Schoenfeld na wenzake walikusanya tafiti zilizolinganisha uzito mkubwa na mdogo, mradi wanyanyuaji wafike mahali ambapo hawawezi kurudia tena. Misuli iliongezeka karibu sawa. Tofauti ilikuwa kwenye nguvu ya kunyanyua mzigo mkubwa mara moja, ambapo vyuma vizito viliongoza. Kwa hiyo anayetaka mkono ujae shati anaweza kubaki na kopo lake la saruji, anyanyue mara ishirini na tano au thelathini hadi mkono ukatae. Anayetaka kubeba gunia bila kuugua mgongo atafute uzito unaomruhusu mara tano hadi nane, na mtu wa kumsimamia.

Ila chepesi hakimaanishi rahisi. Kuchuchumaa mara thelathini hadi magoti yagome kunaunguza mapaja na kunakata pumzi kuliko mara sita za uzito mkubwa. Watu wengi husimama kwenye ya kumi na nane, pale inapoanza kuunguza, na hapo ndipo njia ya chepesi inapopoteza thamani yake. Kizito chenyewe hakikupi nafasi ya kujidanganya, lakini kinadai mbinu, na makosa yake hulipiwa na viungo. Kwa anayeanza, miezi miwili ya kwanza ningechagua uzito wa katikati, marudio kumi hadi kumi na tano, ukiacha mbili tatu akiba. Kufika mwisho wa nguvu kila seti ni starehe ya watu wanaolala kwa saa nane.

Sasa yale maumivu ya kesho yake. Mwalimu wangu wa kwanza wa vyuma alikuwa na msemo kwamba usipoumwa kesho hujafanya kitu. Aliniharibia mwaka mzima. Maumivu yanayokuja baada ya siku moja na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72 yanatokana zaidi na misuli kufanya kazi huku inarefuka: kushusha chuma, kuteremka mlima, kutua baada ya kuruka. Theodore Hough aliyaandika tangu 1902 kama uharibifu mdogo ndani ya msuli. Asidi ya laktiki inasingiziwa tu. Kiwango chake kwenye damu hurudi kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya zoezi, sasa itakuumizaje Jumanne kwa kosa la Jumapili?

Mfano mzuri uko Moshi. Kwenye mbio za Kilimanjaro, wanaokimbia kilomita 21 hupanda kuelekea Mweka, kisha huteremka. Watu wa Dar, waliozoea tambarare ya pwani, huogopa kupanda, wakifika juu wanashangilia na kujiachia kwenye mteremko. Kupanda kulikata pumzi tu. Mteremko ndio unaowafanya washuke ngazi za basi kinyumenyume siku mbili baadaye. Dawa yake ni kuuzoesha mwili miteremko kidogo kidogo wiki kadhaa kabla, kwa kuwa msuli ukishaumia mara moja kwa kazi fulani, mara ya pili ya kazi ile ile huuma pungufu sana. Kwa hiyo kuumwa ni ishara ya ugeni wa kazi. Si risiti ya faida.

Lakini kuna kuumwa kusikofaa kusubiri. Msuli ukivimba na kukaza, nguvu zikaisha kabisa, na mkojo ukawa wa rangi ya kola, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hapo msuli unavunjika na kumwaga vitu vinavyoumiza figo. Huwapata zaidi watu waliorudi kwenye tizi kali baada ya kukaa muda mrefu, hasa kwenye joto na bila maji.

Kopo la unga au sufuria

Mjadala wa jimu yoyote huishia hapa. Tuanze na kiasi kinachotakiwa. Mtu wa kawaida anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa anayenyanyua vyuma, uchambuzi mkubwa wa Robert Morton na wenzake wa mwaka 2018, uliounganisha tafiti 49, ulionyesha faida ikiongezeka hadi kama gramu 1.6 kwa kilo, kisha inakuwa tambarare. Mtu wa kilo 70, basi, analenga gramu 112 hivi. Mkimbiaji wa joging tatu kwa wiki hahitaji kufika huko.

Gramu hizo zinatoka wapi? Makadirio ni haya:

| Chakula | Kipimo | Protini |
|---|---|---|
| Yai la kuku | 1 | gramu 6 |
| Dagaa wakavu | gramu 50 | 25 hadi 30 |
| Maharage yaliyoiva | kikombe | 15 |
| Maziwa au mtindi | nusu lita | 16 |
| Karanga | gramu 50 | 12 |
| Kifua cha kuku kilichopikwa | gramu 100 | 30 |
| Ugali wa unga gramu 150 | sahani | 10 hadi 12 |
| Unga wa protini ya maziwa | kijiko cha kopo, gramu 30 | 22 hadi 25 |

Watu hushangaa kuuona ugali humo. Protini yake si kamili ikiwa peke yake, ila maharage yanaziba pengo, na bibi zetu walilijua hilo bila jedwali. Jumlisha siku moja ya kawaida: mayai matatu na nusu lita ya mtindi asubuhi, ugali na maharage mchana, ugali na dagaa jioni, karanga njiani. Umefika 110 bila kufungua kopo.

Kwa upande wa bei, usiniulize mimi; bei ya Kariakoo na ya Lindi si moja. Fanya hivi: gawa bei kwa gramu za protini. Tuseme trei ya mayai 30 ni shilingi 10,000. Hizo ni gramu 180, yaani kama shilingi 56 kwa gramu. Tuseme kopo la unga lenye vijiko 70 vya gramu 24 ni shilingi 250,000. Gramu 1,680, sawa na shilingi 149 kwa gramu. Weka bei za mtaani kwako, kisha fanya hesabu hiyo hiyo kwa dagaa wa Mwanza, na halafu wa Kigoma ambao watu wanawapenda zaidi na wanawalipia. Karibu kila mara sufuria hushinda.

Kopo linashinda pale sufuria isipofika. Dereva wa malori anayelala Tunduma foleni, muuguzi wa zamu ya usiku, mtu asiye na jiko: kwa hawa kijiko kimoja kwenye chupa ya maji ni mlo uliookolewa. Ukinunua, nunua lenye lakiri ambayo haijaguswa na orodha kamili ya vilivyomo. Unga unaopimwa kwenye mfuko wa nailoni sitauweka mdomoni, hata auzaye akiwa na kifua kama kabati. Na mwenye ugonjwa wa figo asipandishe protini kabla ya kuongea na daktari wake.

Katika bidhaa zote za makopo, ninayoweza kuitetea kwa moyo mweupe ni kreatini, gramu 3 hadi 5 kwa siku. Inasaidia juhudi fupi kali na vyuma, imechunguzwa kwa miaka mingi, na ni ya bei nafuu kwa kipimo. Kwa joging haina kazi kubwa.

Wakati watu wanagombania protini, kinachowakwamisha wengi wa tizi kali ni wanga. Kadiri mwendo unavyokuwa mkali ndivyo msuli unavyotegemea sukari iliyohifadhiwa ndani yake, glaikojeni. Mafuta huchomwa polepole mno kuweza kulisha raundi ya sekunde ishirini. Halafu unamkuta mtu amekata ugali, wali na viazi ili apungue, na wakati huo huo amejiandikisha darasa la mazoezi makali mara tano kwa wiki. Ni sawa na kuuza mafuta ya gari ili ulipie safari. Ukitaka kupunguza wanga, chagua joging na vyuma vya wastani, vinavumilia. Ukitaka ukali, rudisha ugali.

Mwaka 2004 watafiti, wakiwemo Vincent Onywera na Yannis Pitsiladis, walipima chakula cha wakimbiaji wa juu wa Kenya wakiwa kambini. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye wanga: ugali, wali, viazi, mkate, sukari ya kwenye chai ya maziwa. Protini yao ilikuwa takriban gramu 1.3 kwa kilo, nyingi ikitoka kwenye mahindi, maharage na maziwa. Mabingwa wa dunia hawakuwa na mlo wa ajabu. Walikuwa na mlo wa kawaida, na wakiula mapema baada ya mazoezi.

Habari ya kwamba usipokula ndani ya nusu saa jasho limepotea bure imekuzwa. Jumla ya siku nzima ina uzito zaidi. Anayetakiwa kuwahi ni yule anayerudi mazoezini siku hiyo hiyo, kama hao wa Kaptagat wanaokimbia mara mbili, na yule aliyefanya mazoezi bila kula kitu tangu jana.

Mwezi wa Ramadhani hesabu inageuka, lakini haivunjiki. Joging nyepesi ya nusu saa kabla ya magharibi hukuacha karibu na tende na maji. Vyuma au raundi kali ni bora vihamie baada ya futari kushuka, au baada ya tarawehe, na viwe pungufu, maana daku inaukata usingizi vipande viwili. Huu ni mwezi wa kushikilia ulichonacho. Kuongeza kutasubiri Idi.

Barafu, kuchua, vidonge, kulala

Barafu imekuwa fasheni, mapipa yanajazwa, picha zinapigwa. Mwaka 2015 Llion Roberts na wenzake, Australia, walifuatilia wanaume waliofanya mazoezi ya nguvu kwa wiki 12. Nusu yao walikaa kwenye maji ya nyuzi 10 kwa dakika 10 baada ya kila zoezi, nusu walikanyaga baiskeli taratibu. Wa barafu waliongeza misuli na nguvu pungufu. Baridi inatuliza maumivu, na papo hapo inapunguza ule mchakato unaoujenga msuli. Kwa hiyo barafu ni ya mchezaji wa ndondo, soka la mtaani, mwenye mechi leo na kesho, anayetaka miguu iitike kesho saa kumi jioni. Kwa mwenye kujenga mwili ni hasara anayojinunulia.

Kuchua, kwa mafuta ya nazi au dawa, hupunguza hisia ya maumivu na kumlegeza mtu. Haiharakishi sana ukarabati wenyewe. Nikiwa na hela ya kuchuliwa au ya trei ya mayai, nanunua trei.

Vidonge vinanitia hofu zaidi. Kuna watu humeza diklopa, kidonge cha maumivu, kabla ya vyuma kama wanavyokunywa maji. Mwaka 2018 watafiti wa Karolinska, Uswidi, waliwapa vijana miligramu 1,200 za ibuprofeni kila siku kwa wiki nane za mazoezi ya nguvu, na kundi jingine likapata dozi ndogo ya aspirini. Misuli ya wa ibuprofeni iliongezeka karibu nusu tu ya wenzao. Diklopa iko kwenye familia hiyo hiyo ya dawa, na zote, ukiongeza joto la pwani na kukosa maji, si rafiki wa figo. Kidonge kimoja siku jino linauma, sawa. Kidonge cha kila siku ili ufanye tizi maana yake tizi imekuzidi.

Usingizi hauuzwi kwenye kopo, labda ndiyo maana haupigiwi debe. Mwaka 2011 Cheri Mah na wenzake, Chuo Kikuu cha Stanford, waliwafanya wachezaji 11 wa mpira wa kikapu walenge kukaa kitandani kwa saa kumi kila usiku kwa wiki kadhaa. Kasi ya kukimbia iliongezeka, na mipira ya adhabu iliyoingia ikapanda kwa asilimia 9. Upande wa pili, utafiti wa Séverine Lamon na wenzake wa 2021 ulionyesha kwamba usiku mmoja tu bila kulala ulipunguza kwa asilimia 18 kasi ya misuli kujitengenezea protini. Maana yake unaweza kula dagaa wako wote kwa nidhamu, kisha ukakesha na simu, na sehemu ya kazi ya dagaa ikapotea.

Najua nyumba zetu. Umeme unakatika feni inazima, baa ya jirani haizimi spika, mtoto analia, chandarua kina tundu. Ndiyo sababu nakataa kumpa kila mtu ratiba ile ile. Anayelala kwa saa tano si mvivu. Ana bajeti ndogo.

Kwa hiyo nani achukue nini

Anayelala kwa saa tano au sita kwa sababu ya kazi, na anakula mara mbili kwa siku: joging ya mdomo-unaongea au kutembea haraka mara tatu, vyuma mara mbili kwa uzito wa katikati, asimalize nguvu zote. Ukali mara moja kwa wiki, siku anayofuatia na mapumziko. Akiona mapigo ya moyo ya asubuhi yamepanda siku tatu mfululizo, aondoe huo ukali kwanza, joging aendelee nayo.

Mtu wa ofisini anayelala kwa saa saba, anakula vizuri, ila foleni inamla saa tatu kwa siku: huyu ndiye wa dakika nne mara nne, siku mbili kwa wiki, na vyuma siku mbili. Ana cha kulipia, hana muda. Asikate wanga siku za ukali.

Kijana wa chini ya mwembe anayetaka mwili, hana hela: kopo la saruji hadi mkono ukatae, kila sehemu ya mwili mara mbili kwa wiki, mayai na dagaa na maharage kwa gramu 1.6, na asiguse barafu wala diklopa. Joging mara moja itamsaidia pumzi bila kumla mwili.

Anayelenga Moshi: nane kwa mbili ile ya Seiler, kama tu ana saa tano na kuendelea kwa wiki. Miteremko ianze mapema. Wiki mbili za mwisho apunguze, na huo ndio wakati ambao watu huogopa kunenepa wakaanza kukata ugali. Wasikate.

Mlinzi au muuguzi wa zamu, ambaye leo usiku kesho mchana: asifanye tizi kali asubuhi akitoka zamu. Alale kwanza, ale, kisha vyuma jioni. Siku za zamu mfululizo atembee tu.

Mimi siku hizi nina siku mbili za vyuma, moja ya dakika nne mara nne kwenye ngazi za jengo ninalofanyia kazi, na Jumamosi ya joging. Ijumaa usiku jirani akipiga muziki hadi saa tisa, Jumamosi naikimbia nyuma kabisa ya kundi, karibu na yule mzee. Siku hizi ananiuliza nimelala saa ngapi.